Dereva Ni Wewe

Mjomba alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumrudisha Iringa. Ilikuwa Desemba 2015. Alikaa kiti cha mbele na miwani yake myeusi, mkongojo katikati ya magoti, kimya. Kabla ya kustaafu aliendesha malori ya Zambia, tangu lami ya njia ile ilipokuwa mpya.

Chalinze tulisimama kununua maji. Tulipoondoka akaniuliza, "Mjomba, gari lako limeanza lini kuteleza?" (Kwetu tunaitana hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba.) Nikamwambia barabara kavu, mvua hakuna.

"Sisemi matairi. Nasema gia."

Nilicheka peke yangu. Maana nilikuwa nimeyaona, kwa miezi miwili nzima. Asubuhi pale Tabata nikitia D, gia ya kwenda mbele ya gari la otomatiki, linakaa kwanza kama mtu aliyeulizwa swali gumu, halafu ndiyo linaruka kwa teke. Nikasema ni baridi. Baridi, Dar es Salaam! Kwenye foleni ya Ubungo nikikanyaga mafuta, mshale wa raundi unapanda, injini inavuma, mwendo uko palepale. Nikabadilisha plagi, tena nikajisifu kwamba sasa limekuwa jepesi. Kulikuwa pia na matone mekundu sakafuni pale ninapoliegesha. Hayo yalinitia wasiwasi, kwa sababu oili ya injini haina rangi ile. Lakini wiki moja baadaye matone yakakoma. Basi, nikaona limejiponya.

Kuanzia Morogoro mjomba akawa anahesabu. Kila nilipotoka kwenye tuta na kukanyaga mafuta, injini ikipiga kelele bila kwenda, namsikia chini chini: "Moja, mbili..." Kisha teke. Mikumi, ndani ya hifadhi, nilimwonyesha twiga watatu, yeye hakugeuza hata shingo. Tulipofika Ruaha Mbuyuni hesabu ilikuwa imefika nne.

"Simama. Usizime."

Tuliegesha mbele ya mafungu ya vitunguu. Akanielekeza nifungue boneti, nikanyage breki na kuipitisha gia taratibu P, R, N, D, nirudi P, ndipo nichomoe kijiti cha kupimia oili ya gia. Miaka yote ile nilikuwa nachomoa cha injini tu. Hiki kingine sikuwa nimewahi kukigusa. Nikakipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena, nikakifutia kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Oili ya gia ikiwa nzima ni nyekundu, kama juisi ya rosela. Yangu ilikuwa ya kahawa, na ilishika ncha ya kijiti tu. Mjomba hakuitazama. Aliinusa ile karatasi, akaniletea puani: harufu ya kitu kilichoungulia chini ya sufuria.

"Humu ndani kuna sahani zinazobanana kwa nguvu ya hii oili," akasema. "Ikipungua hazibanani vizuri, zinasuguana. Zikisuguana zinaungua. Tulale hapa, kesho tutafute fundi."

Ilikuwa saa kumi jioni. Nikampigia hesabu zangu: ni mlima wa Kitonga tu, halafu Ilula, halafu nyumbani. Mjomba akafunga mkanda. "Dereva ni wewe."

Kitonga tulipanda kona mbili kwa heshima. Ya tatu raundi zikafika elfu nne na gari linatambaa kama kinyonga. Kisha likaacha kabisa. Injini inanguruma, D imeingia, na tunaanza kurudi kinyumenyume, nyuma yetu semi imejaa shehena. Nilikanyaga breki na kuvuta ya mkono mpaka mkono ukaniuma. Utingo wa ile semi ndiye aliyetuokoa: aliruka na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi kabla sijajua jina la Mungu nimelitaja mara ngapi. Wengine wakakata matawi wakayatandaza barabarani.

Dereva wa semi alitaka kutufunga kamba atuvute mpaka juu. Mjomba akakataa katakata. Gia ya otomatiki ina pampu ya oili inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu yakaendelea kuzunguka, yanasaga vyuma vikavu. Tulingoja mpaka saa tatu usiku likaja gari la kunyanyua magurudumu ya mbele.

Fundi wa Iringa alifungua sampo, bakuli la oili chini ya gia, akatoa tope jeusi lenye vumbi la chuma. Sili ndogo ya ekseli ndiyo iliyokuwa inavuja, kitu cha elfu chache. Gia boksi ya mtumba iliagizwa Dar, ikapandishwa kwa basi, na mshahara wangu wa Januari ukaenda nayo.

Niliporudi Tabata, mama mwenye nyumba alinikuta naegesha. Alikuwa ameshika kopo la rangi, ndani yake vidole viwili hivi vya kitu chekundu.

"Baba, hili nikuwekee tena usiku, au limepona? Lilikuwa linanichafulia sakafu."