Howard Hawks Mbele ya Dereva Mstaafu

Nilipokuwa nasoma sanaa za maonyesho, jina la Howard Hawks halikumtoka mdomoni mhadhiri wetu. Mwongozaji huyo alizaliwa Indiana, Marekani, mwaka 1896, akaanza na filamu zisizo na sauti katika miaka ya 1920, na filamu yake ya mwisho ikatoka mwaka 1970. Kati ya hapo alipiga za majambazi, za vichekesho, za wapelelezi na za wachunga ng'ombe, kwa wepesi uleule. Nilikuwa nimekariri hoja za wahakiki wa Ufaransa wa miaka ya 1950, waliomwona msanii mkubwa wakati wengi Hollywood walimhesabu kuwa fundi hodari tu, na likizo moja nikaenda nazo Arusha kwa mjomba wangu, dereva mstaafu wa magari ya watalii.

Nilimwekea filamu yake ya Hatari! makusudi, kwa kuwa ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, ikatoka mwaka 1962. Mjomba hakusema neno mpaka kifaru alipoanza kukimbizwa, naye mwigizaji mkuu, John Wayne, ameketi kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya lori, mkononi ana fimbo ndefu yenye kitanzi.

"Mjomba, hebu rudisha nyuma," aliniambia.

Nikarudisha, kisha nikarudisha tena. Wayne hakumshughulisha, macho yake yalikuwa kwenye magurudumu, jinsi dereva alivyopunguza mwendo kabla ya korongo na kuongeza tena gari lilipokaa sawa.

"Aliyeongoza picha hii gari analijua."

Nikamweleza kwamba Hawks alisomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Cornell, kwamba ujanani aliendesha magari ya mashindano, na kwamba mwaka 1932 alitoa filamu nzima juu ya madereva wa mashindano hayo. Nikaongeza kuwa waigizaji wenyewe ndio waliopanda magari kuwafukuza wanyama, na kwa kuwa kifaru hafuati mswada, hadithi ilibidi iungwe kufuata mawindo. Mjomba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa leseni halali.

Mapenzi hayakumvutia hata kidogo. Yalipoanza kurefuka (filamu ina dakika 157, na kwa maoni yangu nusu saa ingeweza kukatwa), aliondoka kuswali Isha na hakuwa na haraka ya kurudi. Aliporudi akawatazama Waafrika waliokuwa wakikaza kamba.

"Hawa ndio wanaomjua mnyama, lakini picha haikai nao."

Sikuwa na neno la kumtetea Hawks, wala sikulitafuta. Wahakiki wangu wa Ufaransa, kwa kadiri nilivyowasoma, hawakuwa wamenifundisha kutazama upande huo wa fremu.

Aliuliza kama mtu huyo alipata tuzo. Nikamjibu kwamba aliteuliwa mara moja tu kuwania Oscar ya uongozaji, kwa Sergeant York ya mwaka 1941, na kwamba ile ya heshima alipewa mwaka 1975, miaka miwili kabla ya kufa.

"Walikuwa wanangoja nini?"

Akataka ile ya madereva wa mashindano. Sikuwa nayo, nikamwekea Only Angels Have Wings ya mwaka 1939, ya marubani wanaosafirisha barua Amerika Kusini, ambayo naiona kuwa bora kuliko zote alizopiga. Mjomba aliisogelea televisheni, akatazama ndege moja ikipita kati ya milima, akaegemea kiti.

"Hii ndege ni ya kuchezea," akasema, na kweli ilikuwa.