Fundi, tetemeko si lilishapita?

Swali hili huja tukishafika usawa wa madirisha, pale ninapoomba nondo za kuzungusha lenta, yaani mkanda wa zege wa juu ya madirisha, nyumba nzima. Mwenye nyumba anapiga hesabu, kisha ananiambia, "Fundi, lile la 2016 lilishapita. Ilikuwa bahati mbaya tu." Mimi najenga hapa Bukoba, mkoani Kagera, na jibu langu ni refu kuliko muda wa saiti, kwa hiyo naliandika hapa.

Haikuwa bahati mbaya. Bara tunaloishi linachanika. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole, na matetemeko mengi hutokea kwenye kingo za mabamba hayo. Kuizunguka Bahari ya Pasifiki, kuanzia Chile hadi Alaska, Japani na Indonesia, mabamba yanasukumana na moja linazama chini ya jingine. Huko ndiko yanakotoka matetemeko makubwa kupita yote, likiwamo la Japani la Machi 2011. Huku kwetu mabamba yanaachana: la Nubia liko magharibi, la Somalia mashariki, na ardhi iliyo katikati inavutwa kwa milimita chache kila mwaka.

Mchaniko huo ndio Bonde la Ufa, nalo lina mikono miwili. Wa mashariki unapita Kenya na kushuka hadi Ziwa Natron na mlima Oldoinyo Lengai, ambako mwaka 2007 ardhi ilitikisika mfululizo hadi Nairobi wakasikia, na baadaye mlima ukalipuka. Wa magharibi unafuata maziwa: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa. Mkono huu ndio wenye historia nzito. Desemba 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4. Desemba 2005 likaja la 6.8 Ziwa Tanganyika, na Februari 2008 watu wa Bukavu, Kongo, na majirani zao wa Rwanda wakabomokewa na nyumba.

Sasa itazame Kagera kwenye ramani. Hatumo ndani ya mkono wowote. Tumekaa kati ya yote miwili, juu ya bamba dogo la Victoria, lililobanwa na wakubwa wake na linalozunguka taratibu kinyume na mwendo wa saa. Ndiyo maana wengi hudhani tuko salama. Lakini tetemeko la Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, lilianzia huku huku, upande wa Nsunga wilayani Missenyi, kwenye kina cha kilomita 40 hivi. Kina hicho ni kikubwa kwa tetemeko la barani. Miamba ya chini yetu ni ya kale na imepoa, na mwamba uliopoa hufanya kama zege: likiwa bichi unalikunja utakavyo, likikauka linapasuka. Kwa hiyo nguvu inayovuta mabonde inaweza kuupasua mwamba hata nje ya mabonde yenyewe.

Lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Kuna miji duniani ambako tetemeko la kiasi hicho hupita bila msiba. Kwetu lilichukua roho za watu zaidi ya 15, likaangusha maelfu ya nyumba na kuharibu vibaya majengo ya sekondari ya Ihungo. Nilizunguka kuangalia kuta, na inaniuma hadi leo jinsi zilivyofanana. Ufa ulianzia kona ya dirisha, ukapanda ngazi kwa ngazi kwenye udongo uliounganisha tofali za kuchoma. Tofali lenyewe zima. Ile pembetatu ya ukuta chini ya paa ilidondoka nje. Na kona za nyumba zilifunguka, kwa sababu hakuna kilichozishika.

Basi mama, mzee, ninapokuomba lenta, siombi vipande vya juu ya milango na madirisha tu. Naomba mkanda mmoja wa zege unaozunguka kuta zote, za ndani na za nje, bila kukatika. Kwenye kona nondo ikunjwe na iingie ukuta wa pili, ilale sambamba na mwenzake angalau urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, zifungwe kwa waya. Ukikuta fundi amezikutanisha kichwa kwa kichwa kwenye kona, msimamishe azifumue kabla zege halijamwagwa.