Goti la yangeyange

Kwa karibu miaka miwili nilichora yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe nyuma ya nyumba yetu, Tanga, na kila mmoja alikuwa kama anataka kuanguka. Mdogo wangu alitazama mchoro mmoja akauliza, "Dada, huyu kavunjika miguu?" Nilidhani kasoro ni ya mkono wangu, nikazidisha mazoezi. Kumbe nilikuwa sijui ninachokichora.

Nilikuja kujua jikoni. Nilikuwa namkata kuku wa Jumapili, nikaukunja mguu kabla ya kupitisha kisu. Kati ya paja na muundi pana kiungo kinachokunjika kama changu. Hilo ndilo goti, na kwa ndege aliye hai limefichwa na manyoya, juu kabisa, ubavuni. Pale chini tunapokata miguu yenye magamba, nilipokuwa nikipaita goti linalokunjika kinyumenyume, ni kifundo cha mguu. Ndege anatembea kwa vidole, kisigino kiko hewani!

Paja lake nalo linaelekea mbele, ndiyo maana vidole vinakanyaga chini ya uzito wa mwili. Mimi nilikuwa naviweka chini ya mkia. Sasa naanza na umbo la yai, naweka nukta penye uzito, nateremsha mstari hadi ardhini. Vidole vinakaa hapo.

Bawa lilinichukua muda zaidi. Nilimwomba mchinja kuku sokoni anipe moja na manyoya yake, nikawa nalikunjua na kulikunja mezani: bega, kiwiko, kiganja, kama mkono wa mtu, ila ngozi nyembamba imetandwa kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, hivyo halinyooki kabisa. Manyoya marefu ya kiganjani nilihesabu 10. Ukilikunja, yanateleza chini ya yale ya kigasha, yaani kati ya kiwiko na kiganja. Yale mafupi ya juu yamepandana kama makuti ya paa, kwa hiyo siku hizi nachora safu, sihangaiki na unyoya mmojammoja.

Shingo bado inanitesa. Mtu na twiga wote wana pingili 7 za shingo. Ndege ana nyingi kuliko hizo, na kwa yangeyange ile ya 6 imerefuka, ndiyo inayoleta ile kona kali. Ukiichora shingo ikapinda taratibu kama nyoka, umeshaikosea. Jana nimechora shingo 11, nikaridhika na 2.