Nilivyompeleka mjomba Salaita na kwenye makaburi ya vita ya Taveta

Watu wengi wa Pwani tukifika Taveta huwa tumefuata soko: ndizi, nyanya, vitunguu. Watalii nao hupita Voi wakielekea mbugani kutazama ndovu. Mjomba wangu alitaka kuona mahali palipopiganwa Vita Kuu ya Kwanza, na kwa kuwa magoti yake hayamruhusu kusafiri peke yake, kazi ya kupanga safari ilinikalia mimi.

Mjomba alifundisha historia shule ya msingi mpaka akastaafu. Babu yake alichukuliwa kutoka upande wa Bura mwaka 1917, akapelekwa kuwa mpagazi wa jeshi la Waingereza, na hakurudi. Nyumbani hakuna picha yake wala karatasi. Lililobaki ni jina, na kauli ya wazee kwamba "alikwenda Kariakoo". Kauli hiyo wameirithi watu wengi wa Kenya na Tanganyika, maana kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, ndicho kilichoipa jina Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Kabla ya kuondoka nilikaa na mjomba jioni kadhaa tukapitia mambo ya vita yenyewe. Nasisitiza hatua hii kwa yeyote anayefikiria safari kama hii, kwa sababu ukifika Taveta bila kujua kilichotokea utaona kilima na mawe tu. Agosti 1914, vita vilipoanza, Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Moshi, uliokuwa koloni lao wakati huo, wakaiteka Taveta. Kutoka hapo vikosi vyao vidogo vilipenya nyika kwenda kulipua reli ya Mombasa. Waingereza wakajibu kwa kujenga njia mpya ya reli kutoka Voi kuelekea magharibi, ikapita Maktau na kusogea hadi Mbuyuni. Mbele yao, katikati ya njia ya kwenda Taveta, kulikuwa na kilima cha Salaita.

Tulipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini, ile inayosimama vituo vya njiani, tukashuka Voi. Hapo tukachukua matatu ya Taveta kupitia Mwatate, Bura na Maktau. Barabara ni ya lami na inakata katikati ya mbuga ya Tsavo Magharibi, reli ya zamani ikiwa karibu. Mjomba nilimwombea kiti cha mbele, na kondakta aliposikia tunakwenda kutazama "mambo ya Mjerumani" akatuonyesha upande ulipo mbuyu ambao wenyeji wanasimulia kuwa mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwapiga risasi Waingereza. Mjomba alisikiliza kwa adabu. Baadaye akaniambia, "Hiyo ni ngano, mwanangu, lakini na ngano huiambii ishuke garini."

Tulilala Taveta. Kufanya safari yote kwa siku moja kutoka Mombasa inawezekana kwa kijana mwenye haraka, ila kwa mzee ni kumtesa, na mahali hapa pana haki ya kutembelewa polepole. Asubuhi mapema tulikodi gari dogo mjini, dereva akiwa mtu wa hapo anayejua njia ya vumbi na anayejua pia nani wa kumsalimu kabla ya kupita kwenye shamba lake. Nilibeba maji mengi, kofia mbili na kiti kidogo cha kukunja. Kiti kile ndicho kilichotusaidia kuliko vyote.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: nenda kilimani kwanza, makaburini baadaye. Watu hufanya kinyume kwa sababu makaburi yako karibu na mji. Kilima ndicho kinachoeleza makaburi.

Salaita si kirefu. Ukikitazama kutoka barabarani unajiuliza kilimshindaje mtu. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, wengi wao wageni kabisa katika nchi hii, waliamriwa kukishambulia. Mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni, kwa kudhani ndiko walikojichimbia adui. Mahandaki yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka, na ndani yake walikaa askari Waafrika wa jeshi la Mjerumani na bunduki zao za rashasha. Waafrika Kusini walitembea mpaka karibu kabisa ndipo wakamiminiwa risasi. Walirudi nyuma kwa fujo, na waliowafunika wasimalizwe ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao hao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau kwa rangi yao.

Mjomba aliketi kwenye kiti chake chini ya mti wa miiba, akanielekeza kwa fimbo: "Simama pale. Sasa inama. Unaniona?" Sikumwona. Hatua chache tu, na nyasi zilikuwa zimemmeza. Nilikuwa nimesoma habari za mahandaki yale mara nyingi, na pale tu ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu jinsi mtu alivyoweza kufa bila kuona aliyempiga.

Nilipanda peke yangu na dereva. Asubuhi ile Kilimanjaro ulikuwa wazi, mkubwa kiasi cha kufanya kila kitu kingine kionekane kidogo. Magharibi unaona vilima vya Latema na Reata, ambako mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 11 Machi, walipigana tena gizani. Salaita yenyewe haikuchukuliwa kwa damu mara ya pili. Jenerali Smuts alipokuja kuongoza jeshi la Waingereza aliizunguka, Wajerumani wakaiacha. Ukifikiria wale waliolala chini pale mwezi mmoja tu kabla, jambo hilo linauma.

Maganda ya risasi bado huonekana baada ya mvua. Usiokote. Ganda likiwa pale alipoanguka mtu linasema jambo, likiwa kwenye rafu ya sebuleni halisemi kitu.

Mchana tulikwenda kwenye makaburi ya kijeshi. Yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na kwa kweli yanatunzwa vizuri: nyasi zimekatwa, mawe yamesimama kwa mistari, kila jiwe na jina, cheo, kikosi na tarehe. Kijana aliyekuwa akifanya usafi alimwamkia mjomba, "Shikamoo mzee," na mjomba alipomjibu akamwuliza kama kuna wapagazi waliozikwa humo. Kijana alinyamaza kidogo. "Wa kwenu, mzee, sijaona jina hapa."

Tulisoma mawe, mengi ya watu wa Afrika Kusini na Uingereza, vijana wa umri mdogo. Mjomba alisoma kila jina kwa sauti. Nilidhani angekasirika, na angekuwa na haki, lakini alisema marehemu hawana hatia ya kuandikwa.

Aliyewaacha wengine bila kuandikwa ana jina, na msafiri anapaswa kulijua. Tume ile iliasisiwa kwa ahadi ya kumheshimu kila aliyekufa sawasawa, bila kujali cheo wala rangi. Katika Afrika Mashariki haikufanya hivyo. Askari wengi Waafrika na wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na chakula kibovu, hawakupewa jiwe wala mstari katika daftari. Badala ya majina walisimamishiwa sanamu za jumla: Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Hizo ni zile sanamu za askari ambazo sisi wa Mombasa tunazipita kila siku kwenye barabara ya Jomo Kenyatta bila kuinua macho. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi: waliokufa katika vita hivyo, hasa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, ambao hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa ni angalau 116,000, na huenda wakafika 350,000.

Nilimsomea mjomba tarakimu hizo kwenye simu tukiwa kivulini. Aliniomba nizirudie. Halafu nikamwonyesha habari ya Cape Town, ambako Januari 2025 ilifunguliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi waliotumika vitani bila bunduki, majina 1,772, kila mtu na nguzo yake ya mbao. "Kumbe inawezekana," akasema. Kwenye kitabu cha wageni aliandika jina lake, na katika nafasi ya maoni akaandika jina la babu yake, kijiji na mwaka 1917.

Tulirudi Voi kesho yake kwa matatu ya asubuhi, tukaunganisha treni ya Mombasa. Njiani mjomba alikuwa tayari ameanza kunipangia ya Tanga, walikoshuka askari wa India Novemba 1914 wakarudishwa baharini. Tutapitia Lunga Lunga na Horohoro, na nimemwomba tusubiri masika yaishe.