Mashine ya mvuke wa peroksaidi ilikuwa inakatiza kazi katikati

Kwa wenzangu wa vyumba vya kutakasa vifaa: kama mashine yenu ya mvuke wa haidrojeni peroksaidi, ile inayoua vijidudu kwenye vifaa vya tiba, inagoma wakati wa kunyonya hewa, jaribuni hili kwanza.

Yetu ilikuwa inaanza vizuri, pampu inavuta, halafu shinikizo linakataa kushuka na taa ya hitilafu inawaka. Tulibadilisha chupa ya dawa, tukafuta mpira wa mlango, tukapunguza mzigo. Wapi! Fundi akapima pampu, akaikuta nzima.

Kilichotufumbua macho: tukiondoa vifaa vyenye tundu refu, mashine inamaliza kazi. Tone la maji lililobaki ndani ya mrija mwembamba huchemka hewa inaponyonywa, na mvuke wake unazuia shinikizo kushuka. Linaweza hata kuganda likawa barafu. Kwa nje kifaa ni kikavu kabisa.

Sasa baada ya kusuuza tunapuliza kila tundu kwa hewa kavu ya kitabibu, huku ncha ya pili ikielekea kitambaa kisichotoa nyuzi. Hapo ndipo penyewe: hatuachi kupuliza mpaka kitambaa kisipate hata alama ya unyevu. Kisha vifaa vinaingia kabati la kukaushia, halafu mifuko ya Tyvek, yaani ya nyuzi za plastiki. Karatasi na pamba hapana, vinafyonza peroksaidi. Otoklevu, mashine inayotakasa kwa mvuke wa maji moto, huvumilia unyevu kidogo; hii ya peroksaidi haina huruma.

Tangu hapo haijakatiza tena, na viashiria vya kemikali na vya kibaiolojia, yaani vipimo vya kuhakiki utakasaji, vinatoka safi.