Ndimu, embe na chumvi: kuhifadhi chakula Lamu kabla ya masika

Maelezo mengi ya kuhifadhi chakula yanayozunguka mitandaoni yanatoka nchi za baridi. Huko bustani hulala miezi kadhaa chini ya theluji, na karoti hukaa kwenye ghala la chini ya ardhi, nyuzi 0 hadi 4, zikaliwa mpaka baridi inakwisha. Kabeji hutiwa chumvi asilimia 2 tu, ikaachwa ichache wiki tatu au nne kwenye nyuzi 18 hadi 22. Fuata kipimo hicho kwenye nyumba ya Lamu yenye nyuzi 30, na kabeji italainika na kunuka upesi. Chumvi kidogo namna ile hutosha kwa sababu ubaridi unaisaidia.

Sisi tuna chumvi nyingi, ukali wa ndimu na jua la kaskazi, na vitatu hivyo vinatosha vikitumiwa kwa wakati wake. Wakati wenyewe ni Januari hadi katikati ya Machi: embe zipo, mvua za vuli zimepita, jua ni la kutegemewa. Ikifika Aprili umechelewa. Masika hapa hufikia kilele Mei, na hewa huwa na maji hata chumvi ya jikoni hugandamana.

Anza na achari ya ndimu, maana haina udhuru wa kuharibika ukiifanya sawa. Chagua ndimu zilizoanza kugeuka manjano, ganda jembamba. Zioshe, kisha zifute na uziache zikauke kabisa. Tone la maji ya bomba ndilo linaloleta ukungu mara nyingi. Kata kila moja vipande vinne. Kwa kilo 1 ya ndimu tia chumvi gramu 180. Pima kwa mizani, usipime kwa kikombe, kwa sababu chumvi ya mawe kama ile ya Gongoni na Marereni huacha nafasi kati ya punje, na kikombe chake ni chepesi kuliko cha chumvi laini. Shindilia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana hadi maji ya ndimu yafunike vipande. Yasipofunika, kamua ndimu nyingine juu yake, usiongeze maji.

Chupa ikae juani kutwa, itikiswe kila siku, na irudi ndani kabla ya maghrib. Baada ya wiki tatu hivi ganda hugeuka rangi ya kahawia na kulainika. Hapo ndipo unapotia pilipili ya kusaga, thomu (kitunguu saumu), bizari ya manjano na uwatu uliokaangwa kidogo. Ukitia thomu mapema, harufu yake hufa juani.

Kifuniko cha bati hakifai. Chumvi na asidi hukila, na hewa yetu ya bahari humaliza kazi. Tumia cha plastiki, au weka nailoni nene katikati. Sufuria ya alumini nayo iepuke. Achari hupata ladha ya chuma. Na kijiko kiwe kikavu kila mara.

Achari ya embe inataka embe mbichi iliyokomaa: nje ngumu, ndani nyeupe inayoanza umanjano, kokwa imeshika. Embe iliyoanza kuiva ina sukari nyingi na ukali mdogo, na achari yake huchacha ikatoa mapovu. Kilo 1 ya vipande, chumvi gramu 120, usiku mmoja. Asubuhi mwaga maji yaliyotoka, anika vipande siku mbili mpaka kingo zijikunje, kisha changanya na viungo na mafuta ya simsim yaliyopashwa moto na kupoa. Mafuta yapande juu ya vipande kidole kimoja. Kipande kinachochungulia ndicho kitakachoota ukungu.

Kukausha embe mbivu ndiko kunakowashinda wengi, na sababu ni unyevu wa pwani. Jua lipo, lakini hewa haina nafasi ya kupokea maji zaidi. Ukianika wazi juu ya paa, vipande hukauka mchana na kunywa umande usiku, siku ya tatu vinanuka pombe. Dawa yake ni kasha: mbao, sakafu ya bati lililopakwa rangi nyeusi, nailoni angavu juu, tundu la upana wa vidole vinne chini mbele na jingine juu nyuma. Matundu yafunikwe kwa wavu wa kuzuia nzi. Hewa huingia chini, ikapata joto, ikatoka juu na unyevu. Joto la nyuzi 55 hadi 60 ndilo zuri. Trei ya wavu ya mita 1 kwa nusu mita hubeba kilo 2 za vipande, ukizidisha, vinashikana.

Embe aina ya ngowe hukauka vizuri kwa kuwa haina nyuzinyuzi nyingi. Kata unene wa milimita 6 hadi 8. Vinene hukauka nje vikajifunga, ndani mkabaki maji. Viloweke dakika 10 kwenye maji ya ndimu yaliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, visiwe vyeusi. Kilo 1 ya nyama ya embe hutoa gramu 200 hivi. Kipande kilichokauka hujikunja bila kuvunjika, na ukikiminya hakitoi maji. Hata hivyo vitie kwanza kwenye chupa iliyojaa theluthi mbili, utikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, rudisha kashani siku hiyohiyo.

Jambo moja nalisema kwa mkazo: samaki, kunde, mahindi na nyama visifungwe kwenye chupa kwa kuchemshwa tu. Havina ukali wa kutosha, na mbegu za kijidudu cha botulismi huhimili maji ya nyuzi 100. Sumu yake huua, na chakula kinaweza kuonekana kizima. Samaki mfanye ng'onda, yaani mpasue na umkaushe, kunde zianike.

Pilipili za kazi hii zinafaa kupandwa nyumbani, na mbolea ipo mitaani: samadi ya punda. Isitiwe mbichi, huunguza mizizi na ina mbegu za magugu. Irundike, iloweshe, ifunike, igeuze kila wiki kwa miezi miwili au mitatu, kisha changanya sehemu 1 na mchanga sehemu 2. Maji ya kisima ukiyaonja yana chumvi, pilipili itaunguza kingo za majani na udongo utafanya ukoko mweupe. Mwagilia mengi mara chache ili chumvi ishuke, chombo kiwe na matundu chini, na maji ya mvua yawekewe miche. Spinachi na mchicha huvumilia zaidi. Mbegu za pilipili zisiwe zimepita Septemba kusiwa, ili Januari ndimu zikifika chupani, pilipili nazo ziwe zimeiva.