Wiki ya tano sikunena kwa lugha

Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika kwa ajili ya yule aliyewekewa mikono kwenye semina ya karismatiki, uamsho wa Roho Mtakatifu ndani ya Kanisa Katoliki, akarudi nyumbani mkavu, na mpaka leo anaogopa kumwambia mtu. Mimi nilikuwa huyo.

Nilijiunga na kikundi cha maombi cha parokia yetu hapa Mwanza mwaka 2017. Nilikuwa nimeanza kwenda kwa siri kwa walokole Jumapili jioni, maana Misa niliisali kwa mazoea tu: mdomo unajibu, akili iko sokoni. Mwenzangu wa jumuiya, kile kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani, aligundua. Hakunigombeza. Aliniambia, "Kabla hujahama, njoo Jumatano ukumbini." Nikaenda. Wakasifu, wakaabudu, likasomwa Neno, watu wakaombeana kwa sauti. Kisha wakafunga na Salamu Maria, nami machozi yakanitoka, kwa sababu nilikuwa nimeshaamini kwamba maombi ya namna ile na Salamu Maria havikai nyumba moja.

Semina ya Maisha katika Roho huchukua wiki saba. Nne za kwanza ni mafundisho: upendo wa Mungu, wokovu, maisha mapya, kujiandaa kupokea. Niliungama dhambi za miaka sita. Wiki ya tano ndiyo ya kuombewa.

Nilipiga magoti sakafuni. Mama mmoja wa kikundi, muuza dagaa, akaniwekea kiganja kichwani; kilikuwa kizito, cha moto, kinanukia dagaa wa mchana kutwa. Kulia kwangu dada anatetemeka. Kushoto kijana analia na kunena kwa lugha, yaani kuomba kwa maneno yasiyoeleweka, kama karama ya Roho. Mimi nasikia magoti yakiuma, basi.

Wiki ya sita nikaigiza. Nilifumba macho nikachanganya silabi nilizozisikia kwa wenzangu, na mtu akanikumbatia kwa furaha kwamba nimepokea. Usiku ule sikupata usingizi. Niliwawaza Anania na Safira, wale wa Matendo ya Mitume walioanguka wakafa kwa kumdanganya Roho Mtakatifu.

Kulipopambazuka nilikwenda sokoni, kwenye meza ya yule mama, nikamweleza yote huku akipimia wateja. Hakushtuka.

"Mwanangu, kipaimara ulipata?"

"Nilipata, mama. Nikiwa darasa la sita."

"Basi Roho unaye. Sisi hatukukupa sakramenti mpya. Tulikuombea ile uliyopewa iamke."

Mama huyu amefundisha semina hizi miaka mingi. Alinikumbusha wale wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duquesne kule Pittsburgh, ambao mafungo yao ya Februari 1967 ndiyo chimbuko la uamsho huu katika Kanisa Katoliki: nao walitaka kufanya upya kipaimara chao. Halafu akanituma nikasome Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, Paulo anapouliza kama wote hunena kwa lugha, pamoja na Lumen Gentium, hati juu ya Kanisa, namba 12, ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano unaonya kwamba karama zisizo za kawaida zisitafutwe ovyo. Nilisoma namba ile mara tatu, nikapumua.

Wiki ya saba nilimfuata yule aliyenikumbatia, nikamwambia ukweli. Ilikuwa ngumu kuliko kitubio.

Baada ya hapo nikaacha kuwinda ishara. Alfajiri, kabla ya kushika simu, dakika 15 na masomo ya Misa ya siku, kwenye daftari naandika sentensi moja, hata ikiwa ni "Leo sisikii kitu." Kurasa nyingi za mwaka ule zimeandikwa hivyo. Jumatano sikukosa, na jumuiya sikuiacha, maana nimeona wanakarismatiki wanaokesha ukumbini huku jirani yao wa jumuiya hawajamjulia hali, na hilo linaniuma.

Ijumaa mama wa dagaa alinipangia bibi mmoja aliyepooza upande. Namwogesha, nambadilishia shuka, tunasali Rozari. Kiharusi kilimchukua ulimi, kwa hiyo maneno yake hayashikiki hata kidogo. Mwanzoni nilikuwa namsalia mimi. Siku moja nilinyamaza kidogo katikati ya fumbo la tatu la uchungu, nikamsikia anaendelea peke yake, sauti ya chini, punje baada ya punje, macho yamefumba. Nikaishika Rozari yangu nikamfuata nyuma nyuma, kwa mwendo wake.